Kuchimba au Kuchenjua? Juu ya Programu Zinazosoma Hati

Makala haya yanahusu programu za kompyuta ambazo husoma hati nyingi kwa pamoja na kutoa humo maneno, majina na habari zinazohitajiwa. Baadhi ya waandishi huiita kazi hiyo "uchimbaji wa matini", kwa kufuata Kiingereza neno kwa neno. Kabla ya kulikubali au kulikataa jina hilo, hatuna budi kuitazama kazi yenyewe.

Hati zinazohusika ni zile ambazo habari zake hazikupangwa katika safu za jedwali: mihutasari ya mikutano, barua, taarifa za mabwana shamba, mashauri ya ardhi. Masijala ya wilaya yoyote, iwe Handeni au Korogwe, hazikosi hati za namna hiyo. Mtu anayetaka kujua ugomvi wa mipaka baina ya wakulima na wafugaji ulitajwa mara ngapi, na katika kata zipi, atapekua majalada kwa majuma kadhaa. Hati zikisha kupigwa picha na kugeuzwa kuwa maandishi ya kompyuta, programu humkusanyia sentensi zote zinazohusika kwa muda mfupi. Kwetu sisi wa istilahi faida yake ni nyingine: hutuonyesha neno ambalo watu wamekwisha kulitumia kabla hatujakaa kubuni jipya.

Hata hivyo Kiswahili hakisomeki kwa kuhesabu maneno tu. "Anakata", "hawakukata", "mkataji", "ukataji" na "yaliyokatwa" ni maneno matano yasiyo na udugu kwa mashine isiyojua sarufi. Ndiyo sababu Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki alianza, katika miaka ya 1980, kuunda programu ya kuchambua maumbo ya maneno ya Kiswahili.

Na sarufi peke yake haitoshi. Tuchukue neno "korona". Katika mashamba ya mkonge ya Korogwe, korona ni mtambo unaosaga majani na kutoa singa, na neno hilo lilikuwa vinywani mwa wafanyakazi miongo mingi kabla ya 2020, mwaka ambao ugonjwa wa UVIKO-19 ulipata jina hilo hilo. Taarifa isemayo "korona imesimamisha kazi siku tatu" yaweza kuwa ya fundi au ya mganga. Programu huamua kwa kutazama maneno ya jirani: yakiwapo majani na singa, ni kiwanda, yakiwapo homa na barakoa, ni maradhi. Lakini ni lazima kwanza ifundishwe kwamba maana ni mbili. Orodha zetu za istilahi zikilisahau neno la kiwandani, marobota ya mkonge yatahesabiwa kuwa wagonjwa.

Turudi sasa kwenye jina. Wachimbaji wadogo wa dhahabu, kama wale wa Magambazi wilayani Handeni, hutofautisha kuchimba na kuchenjua. Kuchimba ni kushuka katika duara na kutoa mwamba. Kuchenjua ni kuusaga, kuuosha na kuitenga dhahabu na mchanga. Programu tunazozieleza hazichimbi kitu, kwani karani amekwisha kuzitoa hati kabatini. Kazi yao ni ile ya pili. Kwa hiyo twaona "uchenjuaji wa matini" lingefaa zaidi, ingawa twakiri kwamba "uchimbaji" limeanza kuzoeleka, na istilahi iliyozoeleka ni vigumu kuing'oa.

Tena mashine huchenjua kilichoandikwa tu. Maneno mengi ya wakata mkonge hayakuingia jaladani. Aghalabu mwandishi wa mhutasari huyageuza yakawa maneno ya ofisini. Hayo yatafutwe kwa daftari na kalamu, koronani na kwenye mialo ya dhahabu, pamoja na yale ya Kizigua na Kishambaa ambayo programu ya Kiswahili Sanifu huyahesabu kuwa makosa ya tahajia.