Vepu na betri za simu haziingii kwenye shimo la taka

Katika nyumba nyingi za Handeni na Korogwe, taka zina njia moja: zinafagiliwa, zinarundikwa shimoni nyuma ya nyumba, na jioni zinawashwa moto. Njia hiyo ilitosha wakati taka zilipokuwa maganda ya mihogo, majani na mabua ya mahindi. Leo shimo hilohilo linapokea betri za simu, tochi za kuchaji, taa za sola zilizokufa na, katika baadhi ya familia zenye vijana, sigara ya kielektroniki ambayo wenyewe huiita vepu.

Kifaa hicho ni kidogo, mara nyingi kina rangi za kuvutia na harufu ya matunda. Mzazi anaweza kukidhania kuwa kalamu au flashi ya kompyuta. Korogwe iko kwenye barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Moshi na Arusha, na wilaya ya Handeni inaguswa na barabara hiyohiyo pale Mkata, hivyo kinachouzwa mjini hakichukui muda kufika. Mzazi anayekikuta kwenye begi la mwanawe, hasira humtuma akitumbukize chooni au akichome. Yote mawili yana madhara.

Ndani yake kuna nini

Vepu ina betri ya lithiamu, kimiminika ambacho kwa kawaida kina nikotini, waya wa kukipasha joto, na ganda la plastiki au chuma. Betri yake ni ya jamii moja na ile ya simu. Ikiunguzwa, ikipigwa nyundo au ikitobolewa, nishati iliyomo hutoka kwa mpigo. Inafura, inafuka moshi, kisha inaweza kuwaka ghafla au kulipuka. Moshi huo una gesi zenye sumu zinazochoma macho na mapafu. Na anayechochea moto wa taka nyumbani mara nyingi ni mtoto mwenye kijiti, au mama aliyembeba mwingine mgongoni.

Nikotini nayo ni sumu, na hupenya hata kwenye ngozi. Kiasi kidogo cha kimiminika hicho kinaweza kumdhuru vibaya mtoto mdogo anayekimeza. Dalili zake ni kutapika, kutokwa na mate na jasho jingi, kizunguzungu, moyo kwenda mbio na, hali ikiwa mbaya, degedege. Mtoto wa namna hiyo asilazimishwe kutapika. Kama kimemgusa mwilini, avuliwe nguo zilizolowa na aoshwe kwa maji mengi na sabuni, kisha awahishwe kituo cha afya pamoja na kifaa chenyewe ili mhudumu aone alichomeza.

Kundi jingine la kuangaliwa ni watoto wanaopenda kutengeneza magari ya kuchezea na tochi. Watafiti nchini Uingereza walionyesha mwaka 2023 kuwa betri za vepu za kutumia na kutupa zinaweza kuchajiwa tena mamia ya mara. Kwa hiyo kifaa kinachoonekana kimekufa bado kina betri yenye nguvu, na kukipasua kwa kisu au koleo ni kucheza na moto.

Maji ni yaleyale

Mto Pangani unapita Korogwe kabla ya kumwaga maji yake Bahari ya Hindi. Mradi wa maji wa HTM unachota maji ya mto huo upande wa Korogwe na kuyapeleka Handeni, wilaya inayojua vizuri adha ya kukosa maji na kutegemea malambo. Taka zinazotupwa korongoni hazibaki pale. Mvua kubwa huzisomba hadi mtoni au lamboni, ambako binadamu na mifugo hunywa.

Vepu moja haitatia sumu mto mzima. Tatizo ni wingi. Uingereza, uchunguzi wa mwaka 2023 ulikadiria kuwa vepu milioni 5 za kutumia mara moja zilikuwa zinatupwa kila wiki. Nchi hiyo ilipiga marufuku uuzaji wake kuanzia Juni 1, 2025. Duniani kote, taka za kielektroniki zilifikia tani milioni 62 mwaka 2022, na ni asilimia 22.3 tu zilizothibitika kukusanywa na kuchakatwa ipasavyo.

Cha kufanya nyumbani

Kwanza, kizime kifaa na usikifungue. Ziba mdomo wake kwa selotepu ili kimiminika kisivuje. Kama ni betri pekee, funika ncha zake za chuma kwa selotepu hiyohiyo. Nawa mikono kwa sabuni.

Pili, kiweke kwenye kopo lenye mchanga mkavu. Kopo likae pakavu, mbali na jua, jiko na mafuta ya taa, mahali ambapo mtoto hafikii. Betri iliyofura isilale ndani. Kopo lake likae nje, mbali na ukuta na kuni.

Tatu, usiiuze pamoja na vyuma chakavu. Anayenunua kwa kilo huenda akaipiga nyundo bila kujua kilichomo.

Nne, uliza pa kuipeleka kabla kopo halijajaa. Anza na duka au fundi aliyekuuzia, kisha afisa afya wa kata au ofisi ya mazingira ya halmashauri. Tanzania ina Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 na kanuni za mwaka 2021 zinazohusu taka za vifaa vya umeme na kielektroniki, na wanaokusanya taka hizo wanatakiwa kuwa na kibali. Mzazi mmoja mwenye betri tatu anaweza kuonekana msumbufu. Wazazi wa mtaa mzima, au kikundi cha vikoba chenye kopo moja la pamoja, wana hoja ya kupeleka kwa mtendaji na kwenye mkutano wa mtaa: halmashauri ituwekee kituo cha kukusanyia.

Kijana naye asikilizwe

Hakuna kopo litakalosaidia kama mtoto anaogopa kusema. Anayejua atachapwa ataificha vepu chini ya godoro, ambako inaweza kubanwa na kuharibika, au ataitupa chooni usiku. Mzazi akiikuta, swali la nani kampa linaweza kusubiri. Aseme kwanza, "Nipe, usiitupe." Kifaa kikishakuwa mahali salama, ndipo mazungumzo ya nikotini yaanze, jinsi inavyoshika ubongo wa kijana ambao bado unakua, na kwa nini kuiacha mapema ni rahisi kuliko kuiacha baadaye.