Kelele za MRI: funzo la Mbarara kwa Kismayo

Mvuvi wa Chula au Koyama amezoea ngurumo za mashine ya boti. Lakini akisafiri na mwanawe mwenye kichwa maji kwenda kupigwa picha ya MRI, hukuta kelele nyingine: magongo kama ya nyundo, dakika baada ya dakika, huku mtoto amelala ndani ya bomba na hatakiwi kutikisa kichwa. Akitikisika, picha imeharibika. Ndiyo sababu watoto wengi hupewa dawa ya usingizi, ambayo huhitaji mtaalamu, fedha na uangalizi.

Kelele hizo hutokana na sumaku. Ndani ya mashine mna koili zinazopitishiwa umeme unaobadilika upesi. Kila unapobadilika, nguvu ya sumaku kubwa huzisukuma koili, nazo hutetemeka kama spika. Mashine ya kawaida ya tesla 1.5 huweza kufikia desibeli 100, kiasi cha kudhuru masikio.

Kinga ya kwanza ni vizibo vya masikio, ambavyo vikivaliwa sawasawa hupunguza hadi desibeli 30 hivi. Ya pili ni programu zinazobadilisha umeme taratibu, ingawa baadhi yake hurefusha muda wa kupiga picha.

Ya tatu ni kupunguza nguvu ya sumaku yenyewe, na mfano wake uko Afrika Mashariki. Mwaka 2022, katika Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara, Uganda, wataalamu waliunganisha kwa siku 11 MRI ya tesla 0.05 kwa vipande vilivyotoka Leiden, Uholanzi. Walengwa ni watoto wenye kichwa maji. Sumaku hiyo ni dhaifu mara 30 kuliko ile ya tesla 1.5, hivyo koili husukumwa kwa nguvu ndogo zaidi. Picha zake hazina undani ule ule, lakini daktari anayetafuta maji yaliyojaa kichwani hahitaji kila kitu.

Somalia ni mwanachama kamili wa Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu Machi 2024. Fundi wa Kismayo anaweza kujifunza Mbarara namna ya kuunganisha na kutengeneza mashine kama hiyo.

Hadi hapo, ipo nafuu isiyo na gharama: mtoto aelezwe mapema, kwa Kibajuni chake, sauti atakazozisikia.