Magofu Yasiyo na Kuta: Chumvi ya Kale ya Uvinza

Mtu asikiapo neno "magofu" hufikiria kuta na nguzo za mawe, mfano wa zile za Pergamon, mji wa Wayunani na baadaye Warumi, uliojengwa juu ya kilima katika nchi ambayo leo ni Uturuki. Mwanafunzi wa Mwandiga atakayezuru chemchemi za Uvinza, mashariki ya Kigoma, asitazamie nguzo kama hizo. Hata hivyo atakuwa amesimama juu ya mabaki ya kazi iliyofanywa mahali hapo kwa zaidi ya miaka elfu moja.

Karibu na mahali mto Ruchugi uingiapo Malagarasi hububujika maji ya chumvi. Watu waliyachemsha vyunguni mpaka yakakauka, chumvi ikabaki. Katika karne ya 19 chumvi hiyo ilifika Ujiji na ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Kila upishi uliacha vigae vya vyungu, majivu na mkaa, tabaka juu ya tabaka.

Mwaka 1967 wataalamu J. E. G. Sutton na A. D. Roberts waliyachimba matabaka hayo. Mkaa ndio uliofichua umri wake. Mti ulio hai hupokea kaboni 14 kutoka hewani. Ukikatwa haupokei tena, na ile iliyomo hupungua kwa kadiri maalumu: nusu yake hutoweka kila miaka 5,730 hivi. Mkaa uliobakiwa na sehemu 83 katika kila 100 za kaboni 14 ya awali una umri wa miaka 1,500 hivi. Kwa njia hiyo ilidhihirika kwamba chumvi ilipikwa Uvinza tangu karne ya 5 au ya 6 B.K., karibu na wakati dola ya Warumi ya magharibi ilipoanguka, mwaka 476.

Lakini kipimo hicho hutaja umri wa mkaa tu. Umri wa kigae hujulikana kwa sababu kimelala katika tabaka moja na mkaa huo. Jembe likivuruga udongo, mkaa wa jana hukaa kando ya kigae cha kale, na ushahidi hupotea. Nguzo iliyoanguka yaweza kusimamishwa tena. Matabaka yaliyochanganyika hayapangiki upya. Ndiyo sababu Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 hairuhusu kuchimba bila kibali. Mwanafunzi mgeni na achukue daftari na kalamu, achore akionacho, na kigae akiache pale pale alipokikuta.