Mzazi, Kiti Chako Mkutanoni Ki Wazi

Mtoto amerudi na kipande cha karatasi kutoka shuleni: wazazi wote wanaombwa kuhudhuria mkutano. Nawe ukakitia mfukoni, siku ikapita. Mwezi wa pili unaambiwa kuwa imekubaliwa kila mzazi atoe debe la mahindi na fedha za mpishi. Unang'aka: imekubaliwa na nani? Jibu lake ni chungu. Imekubaliwa na wale waliokwenda.

Nimepata kuhudhuria mkutano wa namna hiyo hapa Usagara, wilayani Misungwi, penye njia panda ya kwenda Mwanza mjini, Shinyanga na Sengerema. Shule siitaji. Mkutano uliitishwa saa nne asubuhi, siku ya kazi. Nani angefika? Mama aliyetoka alfajiri kwenda mwaloni kununua dagaa alikuwa hajarudi. Utingo alikuwa barabarani. Kibarua wa kiwanda cha samaki akikosa siku moja hukosa na ujira wake. Tuliokuwapo chini ya mwembe tulikuwa wazee na akina mama wachache.

Taarifa ya mapato na matumizi ilisomwa mbiombio. Mama mmoja akasimama, akaomba isomwe tena, polepole. Baadhi yetu tuliguna, nami nakiri nilikuwa miongoni mwao, kwa maana jua lilikuwa kali. Iliposomwa mara ya pili, fedha za kutengeneza madawati zilionekana kuandikwa mara mbili. Sisemi palikuwa na wizi. Mwalimu Mkuu alikiri kosa, akalisahihisha palepale. Lakini lau mama yule asingesimama, hesabu ile ingepita kwa makofi.

Kamati ya shule si fadhila ya mwalimu. Imo katika Sheria ya Elimu ya mwaka 1978. Humo wamo wawakilishi wa wazazi, na Mwalimu Mkuu ndiye katibu wake. Mpango wa MMEM ulipoanza mwaka 2002, kamati hizi zilikabidhiwa usimamizi wa ruzuku iliyoingia katika akaunti za shule. Elimu bila ada ilipoanza Januari 2016, shilingi 6,000 kwa mwaka kwa kila mwanafunzi wa shule ya msingi zilipangwa kupelekwa shuleni moja kwa moja. Piga hesabu mwenyewe: shule ya watoto 1,000 ni shilingi 500,000 kila mwezi. Kwa chaki, ukarabati na mitihani si nyingi. Ndiyo sababu kila shilingi yahitaji macho. Tena mpango huo wa elimu bila ada uliwaachia wazazi sare, madaftari na chakula cha watoto wa kutwa. Hayo ya chakula ndiyo yanayoamuliwa chini ya mwembe wakati wewe hupo.

Milango mingine nayo i wazi. Mkutano Mkuu wa Kijiji ni wa kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 au zaidi. Baraza la Madiwani, kwa sheria za mwaka 1982, hukaa hadharani: waweza kwenda kusikiliza diwani wako anasema nini juu ya madarasa, au kama hasemi kitu. Wala jambo hili si geni kwetu; Wasukuma walikuwa na dagashida kabla shule haijajengwa.

Neno moja kwa akina baba. Wengi wetu humwachia mama mkutano, kisha akirudi na maamuzi tunayapinga mezani. Kaeni usiku uliotangulia, mpatane nani aende na aulize nini. Atakayekwenda achukue kalamu, na aombe kwanza usomwe muhtasari wa mkutano uliopita. Na kama saa ni mbaya, ombeni ibadilishwe.

Sisi tuliomba. Mkutano uliofuata ulikuwa Jumamosi, saa kumi jioni. Madawati ya darasa la nne yalitolewa nje na bado hayakutosha. Utingo mmoja alisimama mwanzo hadi mwisho, sare ya kazi mwilini. Giza lilituingilia suala la vyoo vya wasichana likiwa halijaisha. Limeandikwa kuwa la kwanza katika mkutano ujao.