Baiskeli Katika Nchi ya Mabwawa

Mtu akitaja baiskeli ya milimani, mara moja twawaza mawe, makorongo na miteremko ya kutisha. Ni kweli kwamba baiskeli ya namna hiyo ilianza mlimani: katika miaka ya 1970, huko California katika Marekani, vijana walitwaa baiskeli kuukuu zenye mipira minene wakashuka nazo kwa mbio katika njia za vumbi. Lakini leo yapendwa sana hata na watu wa nchi tambarare, ambako kilima pekee ni kile kilichorundikwa na mikono ya wanadamu. Nchi moja ya namna hiyo ni Limburg, jimbo la kaskazini-mashariki ya Ubelgiji. Huko mtoto wa miaka kumi na bibi yake waweza kutoka pamoja asubuhi, kila mtu na baiskeli yake, wakarudi jioni bila kuhema.

Kati ya miji ya Hasselt na Genk na vijiji vya Zonhoven na Heusden-Zolder, ardhi ni mchanga, tena imelala chini kama mkeka. Maji ya mvua hayana haraka ya kuondoka. Watu wa kale walipoona maji hayo yasiyotaka kwenda, hawakupigana nayo, bali waliyajengea kuta za udongo wakafuga samaki. Ndivyo yalivyopatikana mabwawa mengi hata leo nchi hiyo huitwa De Wijers, maana katika lugha ya huko wijer ni bwawa, na wenyeji hujisifu kuwa wanayo 1001. Mabwawa mengi katika hayo yalikuwa mali ya masista wa monasteri ya Herkenrode, iliyoanzishwa katika karne ya 12. Siku za kufunga zilikuwa nyingi zamani hizo, nyama haikuliwa, na samaki walitakiwa kila mahali. Hata leo mlango mdogo wa kufungulia maji ya bwawa huitwa kwa Kiholanzi monnik, ndiyo kusema mtawa. Labda kwa sababu umesimama pale peke yake, kimya, na maji mpaka shingoni.

Juu ya kuta hizo za udongo, na kando ya mashamba na misitu ya misonobari, ndiko zilipo njia za baiskeli. Mwendo wenyewe ni mwepesi. Hakuna mlima wa kupanda, hakuna mteremko wa kushikia breki kwa hofu. Mkono wa kuume waona maji na matete, mkono wa kushoto waona maji na matete. Mwezi wa Aprili au wa Mei, mapema asubuhi, waweza kusikia sauti nzito itokayo katika matete, kama ng'ombe dume aliaye mbali. Usiogope, si ng'ombe. Ni ndege wa jamaa ya korongo, aitwaye roerdomp, mwenye manyoya ya rangi ya matete makavu, naye hujificha hivi kwamba wenyeji wengi hawajamwona kwa macho maisha yao yote.

Basi, kama njia ni nyepesi hivyo, shida iko wapi? Shida ni kupotea. Katika nchi ya milima mtu hutazama kilele, akajua alipo. Katika nchi tambarare kila bwawa lafanana na jirani yake, kila njia panda ni kama ile ya nyuma. Zamani waliweka vibao vya kuongoza watu katika mizunguko iliyopangwa tayari. Ukiianza, huna budi kuimaliza. Mtoto akichoka katikati, au mvua ikinyesha, mzunguko haukujali.

Dawa ya shida hiyo ilitoka mahali ambapo hakuna mtu angeitafuta, yaani chini ya ardhi.

Mwaka wa 1901 makaa ya mawe yalivumbuliwa katika kijiji cha As, na baadaye migodi saba ikafunguliwa katika Limburg. Watu walikuja kutoka Italia, Poland, Ugiriki, Uturuki na Moroko, wakashuka shimoni pamoja na Wabelgiji. Makumi ya maelfu ya jamaa walikula mkate wa migodi hiyo. Kisha makaa yakakosa faida. Zwartberg ulifungwa mwaka wa 1966, na katika ghasia za siku hizo wafanyakazi wawili waliuawa. Mgodi wa mwisho, ule wa Zolder, ulifungwa mwaka wa 1992. Wasomaji wetu wa Katanga hawahitaji kuelezwa mji wa mgodi huwaje siku ile king'ora kinaponyamaza.

Huko mgodini alikuwako mhandisi mmoja, jina lake Hugo Bollen. Ajuaye mgodi ajua kwamba chini kule hakuna jua wala kilele cha kutazama. Kuna njia ndefu za giza zinazokutana na nyingine na nyingine. Watu hawapotei kwa sababu makutano yana namba. Bollen aliwaza: iwapo namba zatosha kumwongoza mtu gizani, je, hazitatosha kumwongoza mtu mwangani, kati ya mabwawa? Mwaka wa 1995 mpango wake ulianza kutumika katika Limburg. Kila njia panda ilipewa namba, na kutoka kila namba vibao vyaonyesha mshale wa kwendea namba za jirani. Hayo tu.

Tazama wepesi wake. Usiku, mezani, baba atazama ramani pamoja na watoto, waandika namba tano au sita katika kipande cha karatasi. Kesho yake wafuata namba hizo moja baada ya moja. Mtoto akichoka, hutazama ramani iliyobandikwa kwenye njia panda, wachagua namba nyingine ya kurudia nyumbani. Leo njia hizo katika Limburg zapata kilomita 2000 hivi, na mpango umeenea katika Flandria yote, katika Uholanzi, hata katika sehemu za Ujerumani.

Tuseme kweli: baiskeli haikurudisha kazi zote zilizopotea. Mkahawa wa kando ya njia hauajiri watu kama mgodi. Lakini nyumba za wageni zimefunguliwa, na vilima vya mawe yaliyotupwa na migodi havikuachwa ukiwa. Pale Beringen, kilima cha namna hiyo chenye kimo cha mita 60 hivi kimekuwa mahali pa michezo, na vijana wenye baiskeli za milimani sasa wanao mlima wao.

Anayetaka kwenda majimajini na ayakumbuke haya. Mipira minene ni mizuri mchangani, lakini usiijaze upepo kupita kiasi. Ikiwa laini kidogo haizami. Ukikuta dimbwi katikati ya njia, pita polepole katikati yake, usilizunguke kupitia majanini. Kila mmoja akizunguka, njia hupanuka mwaka hata mwaka, na majani yanayoshika ukuta wa bwawa hufa, kisha ukuta wenyewe hubomoka. Tena pima upepo kabla ya kuondoka. Katika nchi tambarare upepo ndio mlima: heri kuukabili asubuhi, miguu ikiwa na nguvu, nao ukusukume jioni.

Sasa niseme habari ya njia moja ambayo imeleta wageni wengi. Iko Bokrijk, karibu na Genk, katika shamba ambalo zamani lilikuwa la masista wale wa Herkenrode. Hata gari moshi lasimama hapo. Mwaka wa 2016 ilifunguliwa njia ya zege, urefu wake mita 212, upana wake mita 3, nayo haipiti juu ya bwawa kama daraja, wala haipiti pembeni. Yapita ndani yake. Yateremka polepole kati ya kuta mbili, na maji yabaki pande zote mbili, juu ya kifua cha mwenye baiskeli, sawasawa na macho yake.

Watu hupunguza mwendo bila kuambiwa. Watoto hunyosha mkono wakagusa maji wakipita. Bata waogelea pale pale, kichwa chao kimo kimoja na kichwa chako, wakutazama bila kushtuka. Kisha njia yaanza kupanda kidogo kidogo, maji yashuka mpaka magotini, mpaka miguuni, nawe wajikuta tena juu ya nchi kavu, mbele yako kibao chenye mshale na namba.