Ndege wa Majimaji (sehemu ya nne): Bulwe na pumzi ya kamongo

Februari 2 dunia iliadhimisha Siku ya Ardhioevu, na kama kawaida hotuba zilikuwa nyingi kuliko ndege. Nami nimepata kisingizio cha kumleta kipenzi changu: bulwe, kama wanavyomwita Waganda.

Msomaji asimchanganye na korongo mfukoshingo wa majalalani. Bulwe ni wa kijivu cha samawati, ana kishungi kifupi kisogoni na domo pana kama kiatu cha mbao, lenye kulabu nchani. Vidole vyake ni virefu mno, ndiyo maana hutembea juu ya mafunjo yaliyolala bila kuzama.

Wazungu walibishana juu yake zaidi ya karne. John Gould, aliyempa jina la kisayansi mwaka 1850, alimwona jamaa ya mwari. Wengine wakasema la, ni korongo. Mwaka 1957 Patricia Cottam akaichunguza mifupa, akamrudisha kwa mwari. Baadaye vinasaba vikamuunga mkono, tena vikamwingiza ndege fundichuma katika ukoo huohuo! Utamu wa elimu ndio huo. Lakini mifupa haikwambii kwa nini ndege huyu husimama kama mlinzi aliyesahauliwa lindoni.

Anamngoja samaki aitwaye kamongo. Maji ya kinamasi yana oksijeni haba, na kamongo hana budi kupanda juu kuvuta hewa. Hapo bulwe hujirusha mzimamzima, domo mbele, mabawa wazi. Huinuka na fungu la majani na matope, akalichekecha taratibu mpaka abaki na samaki, na mara nyingi humkata kichwa kabla ya kummeza.

Huko kwenye kinamasi cha Mabamba, Uganda, wavuvi waliamini kwamba kumwona ni kukosa samaki siku hiyo, basi wakimuua. Ndivyo tulivyo: nyavu zikitoka tupu, hutafutwa mchawi, wala hakuna anayeyahesabu matundu ya nyavu zake. Leo baadhi yao huwapeleka wageni kwa mitumbwi kumtazama, na anawalipa zaidi kuliko mzoga wake.

Kwetu yumo katika bonde la Malagarasi na Moyowosi, eneo la kwanza la Tanzania kuingia katika orodha ya Ramsar ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa, mwaka 2000. Bulwe hutaga mayai mawili hivi na kwa kawaida hulea kinda mmoja tu. Moto wa kiangazi ukipita kwenye mafunjo ya kiota, uzazi wa mwaka huo umekwisha, na moto huo huwashwa na sisi wenyewe, tukitafuta majani mabichi ya ng'ombe.