Rangi Iliyo Nyuma ya Maandishi

Jua la saa sita sokoni Area 25, Lilongwe, halina huruma na kioo cha simu. Muuza nyanya huligeuzia jua mgongo, akakinga kioo kwa kiganja ili asome kiasi alicholipwa. Usumbufu huo unaweza kuwa ulianza siku mtengeneza programu alipochagua mandharinyuma, yaani kilicho nyuma ya maandishi.

Kilomita 45 hivi kutoka Lilongwe iko kambi ya Dzaleka, iliyofunguliwa mwaka 1994, ambako Kiswahili huwaunganisha wakimbizi wengi wa Kongo na Burundi. Humo Remy Gakwaya, mkimbizi kutoka Burundi, alianzisha TakenoLAB, mahali pa vijana kujifunza kuandika programu.

Kwa anayeanza fani hiyo, mandharinyuma huonekana jambo jepesi: mstari mmoja wa msimbo, kioo kizima kinageuka. #000000 ni nyeusi tii, #FFFFFF ni nyeupe pe. Jozi tatu za alama hizo hupima nyekundu, kijani na buluu, kila moja kwa ngazi 256. Rangi zinazopatikana ni 16,777,216.

Wengi huchagua nyeusi wakiamini inaokoa chaji. Ni kweli kwa vioo vya OLED, kwa kuwa kila pikseli hujiwakia yenyewe, na penye weusi huzimika. Lakini simu nyingi za bei nafuu zina kioo cha LCD, chenye taa ya nyuma inayowaka muda wote. Hapo weusi hauokoi kitu cha maana. Na juani kioo cheusi hugeuka kama cha kujitazamia.

Picha ikiwa mandharinyuma nayo ina gharama yake. Kwenye kioo cha pikseli 720 kwa 1,600, kila pikseli ikichukua baiti 4, picha moja hula takribani megabaiti 4.6 za kumbukumbu, hata kama faili lake ni dogo. Rangi moja tupu haihitaji mzigo huo.

Kuhusu kusomeka, mwongozo wa kimataifa wa W3C, jumuiya ya viwango vya wavuti, unataka mwangaza wa maandishi ya kawaida na wa mandharinyuma upishane kwa uwiano wa angalau 4.5 kwa 1. Nyeusi juu ya nyeupe hufikia 21 kwa 1.

Basi, kijana unayeandika programu, usiridhike na uzuri unaouona ukiwa kivulini. Toka nje saa sita na simu ya bei nafuu, usome ulichokiandika. Kisiposomeka, badilisha rangi.